Kumfundisha Mwanasayansi Kuuandikia Umma: Mfano wa Garissa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sayansi katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa kumwandikia msomaji mmoja tu, naye ni mwalimu wake. Msomaji huyo anayajua tayari yale anayoandikiwa. Kazi yake ni kupima kama mwanafunzi naye anayajua. Ripoti za maabara, majibu ya mitihani na tasnifu zote hufuata msingi huo, na zote huandikwa kwa Kiingereza. Baada ya kuhitimu, mwanafunzi huyo aweza kuajiriwa kuwa afisa wa mifugo, wa afya au wa maji. Hapo ndipo anapotakiwa, kwa mara ya kwanza, kumwandikia mtu asiyeyajua anayoambiwa, tena mtu ambaye mali yake, na pengine uhai wake, unategemea maandishi hayo.

Makala haya yanakusudia kueleza ugumu wa kazi hiyo na jinsi inavyoweza kufundishwa. Mfano unaotumiwa ni wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla, na hasa ugonjwa uitwao homa ya Bonde la Ufa, ambao uliikumba sehemu hiyo mwaka 1997 hadi 1998, na tena mwaka 2006 hadi 2007. Hoja inayotolewa ni kwamba kuuandikia umma si kuyapunguza maarifa ya sayansi hadi yawe mepesi. Ni kuamua upya nani anatenda, anatenda nini, na anatambua kwa dalili gani kuwa wakati wa kutenda umefika. Mambo hayo ni ya sarufi na ya maana za maneno. Kwa hiyo yanazihusu idara za lugha sawasawa na idara za sayansi.

2. Garissa na lugha zake

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha ualimu. Tarehe 2 Aprili 2015 kilishambuliwa, na watu 148 wakauawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wanafunzi wake hutoka pande zote za Kenya. Wengi wao hawajui Kisomali, ambacho ndicho lugha ya nyumbani ya wakazi walio wengi wa Garissa, Wajir na Mandera. Kando ya mto Tana wako pia Wamunyoyaya na Wamalakote, nao wana lugha zao.

Kwa hiyo ujuzi unaotoka darasani kwenda malishoni hupita katika lugha tatu. Hupatikana kwa Kiingereza, huelezwa mjini na ofisini kwa Kiswahili, na hatimaye huzungumzwa kwa Kisomali penye kisima na penye soko la mifugo. Kiswahili kimekaa katikati, nacho ni lugha ya pili kwa mwandishi na kwa msomaji pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kilikuwa somo la lazima katika mitihani ya shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, mwanafunzi aliyefaulu Kiswahili shuleni alikitumia kuandika insha na barua, wala hakupata kueleza kwacho jinsi ugonjwa unavyoenea.

Jambo jingine ni kwamba maandishi ya namna hii aghalabu hayasomwi na kila mtu kwa macho yake. Mmoja husoma na wengine husikiliza. Au mtangazaji wa redio, au imamu, huyachukua na kuyaeleza kwa Kisomali. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kutafuta kitenzi kilichoachwa mbali na mtendaji wake. Sentensi yenye vishazi vitatu vya amba- humpotea kabla haijafika mwisho.

3. Jina la ugonjwa

Ugonjwa wenyewe husababishwa na virusi ambavyo vilitambuliwa mwaka 1931 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha, katika Bonde la Ufa. Hapo ndipo ulipopata jina. Kwa mtaalamu jina hilo halina taabu, kwa kuwa ni alama tu. Lakini kwa mfugaji wa Garissa, Bonde la Ufa ni mahali pengine, mbali na kwao, penye watu wengine na mifugo mingine. Tangazo linaloanza kwa maneno "Jihadharini na homa ya Bonde la Ufa" laweza kusikika kama habari ya ugeni. Zaidi ya hayo, neno "homa" humwelekeza msikilizaji kwenye ugonjwa wa binadamu, hali dalili za kwanza huonekana kwa mbuzi na kondoo.

Wafugaji Wasomali wana jina lao, sandik, linalotaja damu itokayo puani. Watafiti waliowahoji baada ya mlipuko wa 2006 na 2007 waliona kwamba wafugaji hao walikuwa wameziunganisha dalili zote: mvua kubwa kupita kiasi, kisha makundi ya mbu, kisha mifugo kutupa mimba na kutoka damu. Mfuatano huo ndio unaoelezwa na sayansi. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yenye virusi ndani yake, hukaa katika udongo wa mabonde madogo kwa miaka mingi ya ukavu. Mafuriko yanapoyafunika, mayai huanguliwa, mbu huwauma wanyama, na kutoka hapo mbu wa jamii nyingine hueneza ugonjwa mbali zaidi.

Mwanafunzi anayejua haya hataanza maandishi yake kwa kufasiri jina la kitaalamu. Ataanza na sandik, jina ambalo msomaji analo, ndipo aseme kwamba ofisi za serikali huuita ugonjwa huo homa ya Bonde la Ufa. Mpangilio huu hauipunguzii sayansi kitu. Unamwonyesha msomaji kwamba anayoambiwa yanahusu jambo analolifahamu, na kwamba sehemu moja tu ya habari ni mpya kwake, yaani njia ambazo ugonjwa humwingilia mtu.

Neno "virusi" nalo lina tatizo lake. Limeingia katika ngeli ya KI-VI, na wengine wakalitolea umoja "kirusi", umbo ambalo pia ni jina la lugha ya Warusi. Wengine hupendelea "vijidudu". Lakini msomaji anayesikia habari za mbu na za vijidudu katika aya moja aweza kudhani kuwa ni kitu kimoja, kisha akaamini kwamba akijikinga na mbu amekwisha salimika. Uteuzi wa neno hapa hubadili atakachotenda mtu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kimeonyesha kwamba Kiswahili chaweza kupatiwa istilahi za sayansi. Faida ya kazi hiyo ni kubwa. Lakini istilahi hutaja vitu tu. Haiamui nani aambiwe nini kwanza.

4. Mtendaji katika sentensi

Sentensi za kitaalamu humficha mtendaji. Katika maabara jambo hilo lina sababu, maana matokeo hayapaswi kumtegemea aliyefanya jaribio. Mwanafunzi akiuhamishia mtindo huo katika Kiswahili, aweza kuandika hivi:

"Inashauriwa kwamba mgusano na majimaji ya mwili ya wanyama walioambukizwa uepukwe."

Sarufi yake haina kosa, na ukweli wake haupingiki. Hata hivyo, haimfai mfugaji. Haijulikani anayeshauri ni nani wala anayeshauriwa ni nani. "Majimaji ya mwili" hayatajwi kuwa ni damu, maziwa, au maji ya uzazi. Neno "walioambukizwa" ndilo lenye hatari kuliko yote, kwa kuwa maambukizo hujulikana kwa vipimo, na mfugaji hana vipimo. Ameambiwa ajiepushe na wanyama ambao hana njia ya kuwatambua. Maana hiyo hiyo yaweza kuandikwa hivi:

"Baada ya mvua kubwa, mbuzi au kondoo akitupa mimba, usimshike mtoto aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Tumia koleo, mfukie shimoni, kisha mpashe habari afisa wa mifugo. Mnyama mgonjwa usimchinje wala usimchune, kwa kuwa damu yake yaweza kukuambukiza. Maziwa yachemshe kabla ya kunywa."

Toleo la pili ni refu kuliko la kwanza, na hivyo si kweli kwamba kuuandikia umma ni kufupisha. Urefu umetokana na maamuzi ambayo toleo la kwanza liliyakwepa. Mwandishi amelazimika kujua ni mnyama yupi, wakati gani, kwa dalili gani, na kwa nini. Mwanafunzi asiyeweza kuyajibu maswali hayo hajaielewa sayansi yenyewe, ijapokuwa amepata alama nzuri.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwishoni mwa mwaka 2006. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Garissa, na mwezi wa Desemba ukawa wa mashaka. Siku za mwisho za mwezi huo zilikuwa za Idi ya kuchinja. Masoko ya mifugo yalifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku, katika mji ambao riziki yake hutoka sokoni humo. Katika hali kama hiyo, tofauti kati ya "usile nyama" na "usimchinje mnyama mgonjwa" si tofauti ya mtindo. Hatari kubwa imo katika damu wakati wa kuchinja na kuchuna. Nyama iliyopikwa ikaiva haina hatari hiyo. Anayeambiwa asile nyama aweza kuacha kula, lakini akaendelea kumchuna mnyama aliyekufa ili auze ngozi. Hali kadhalika "maziwa mabichi": kwa wengi maneno hayo humaanisha maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, ambayo ndiyo husifiwa. "Maziwa yasiyochemshwa" hayaachi shaka.

5. Hesabu na mashaka

Katika mlipuko wa 2006 na 2007, wagonjwa 684 walihesabiwa nchini Kenya, na 155 kati yao walikufa, yaani takriban 23 katika kila 100. Mwanafunzi akiandika kwamba "ugonjwa huu huua watu 23 katika kila 100", ametumia hesabu sahihi kusema jambo lisilo sahihi. Waliohesabiwa walikuwa hasa wale waliougua kiasi cha kutambuliwa. Watu wengi wanaoambukizwa hupata homa ya siku chache na kupona. Katika mlipuko wa 1997 na 1998, watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake, na walio wengi hawakufa. Kitenzi chenye hu- hutaja desturi ya kitu. Hakifai kutumiwa mahali ambapo kilichojulikana ni habari ya kundi moja la wagonjwa. Ni lazima kundi lenyewe litajwe: "Katika wagonjwa waliotambuliwa mwaka ule..."

Mashaka nayo yana sarufi yake. Kiingereza cha kisayansi hutumia kitenzi kisaidizi kimoja kwa jambo ambalo halijathibitishwa, na kwa jambo lililothibitishwa ambalo halimpati kila mtu. Mwanafunzi huyafasiri yote mawili kwa "huenda". Matokeo yake ni kwamba sentensi "Huenda damu ya mnyama ikaambukiza" humwambia msomaji kwamba wataalamu wenyewe hawana hakika, hali hakika wanayo. Kiswahili kinao uwezo wa kutenganisha: "huenda" kwa lisilojulikana, na "yaweza" au "baadhi ya watu hu-" kwa linalojulikana lakini lisilompata kila mmoja.

6. Namna ya kufundisha

Kutokana na yaliyoelezwa, yafaa mafunzo yaongozwe na walimu wawili, wa sayansi na wa lugha, kwa sababu makosa yaliyotajwa si ya upande mmoja. Hatua nne zaweza kufuatwa.

Kwanza, mwanafunzi asikilize kabla hajaandika. Aende sokoni au malishoni, pamoja na mkalimani kama hajui lugha, akakusanye majina ya ugonjwa, dalili zinazojulikana na maswali yanayoulizwa. Pili, achukue sentensi moja ya kitabu chake cha kiada na kuiandika upya, huku akimtaja mtendaji, wakati na dalili. Tatu, maandishi yasomwe kwa sauti mara moja tu mbele ya mtu asiye mwanafunzi, kisha mtu huyo aeleze kwa lugha yake mwenyewe atakalotenda. Akieleza jambo tofauti, lililokosewa ni maandishi. Nne, mwalimu wa sayansi ayapitie tena toleo hilo na kuuliza kama lingali kweli.

Baadhi ya walimu wa sayansi huona kwamba kazi hii ni ya waandishi wa habari. Lakini mwandishi wa habari hawezi kujua kwamba "walioambukizwa" ni neno la maabara. Anayejua ni aliyefanya vipimo. Nao baadhi ya wataalamu wa lugha huona kwamba wajibu wao umekwisha istilahi inapopatikana. Mfano wa Garissa unaonyesha kwamba istilahi zote zaweza kuwapo, na mfugaji bado asijue la kufanya.

7. Hitimisho

Kuuandikia umma ni sehemu ya elimu ya sayansi, na kipimo chake ni atakalolitenda msomaji. Katika Kaskazini Mashariki kipimo hicho hakikawii kufika. Ugonjwa ulirudi Wajir mwaka 2018, na utarudi tena mvua kubwa zitakaponyesha, kwa kuwa mayai ya mbu yamo ardhini yakingoja. Mafuriko yakiisha kuingia, hakuna nafasi ya kumfundisha afisa kuandika. Mafunzo hayo ni ya wakati wa kiangazi, mwanafunzi angali chuoni.