Kuonja Kahawa ya Chama kwa Chombo cha Kioo

Katika vyama vingi vya msingi vinavyokusanya kahawa ya arabika, mwanachama huijua kahawa yake kwa macho na kwa mizani, wala si kwa ulimi. Nyumbani hunywewa chai. Mtu wa kwanza kuionja kahawa hiyo huwa ni mwonjaji aliye mbali, naye akikuta kasoro, bei hushuka kabla mkulima hajajua kosa lilitendeka wapi. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama wakifahamu chombo kimoja ambacho wanywaji wa ng'ambo hukitumia majumbani mwao.

Chombo hicho huitwa Chemex. Kilibuniwa na Peter Schlumbohm, mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani katika miaka ya 1930, akapata hataza yake mwaka 1941. Aliunganisha faneli ya maabara na chupa yenye tako pana, vikawa kioo kimoja chenye kiuno chembamba. Kiunoni akafunga mbao kwa ukanda wa ngozi ili mkono usiungue. Karatasi ya kuchujia haikuwa uvumbuzi wake, kwani Melitta Bentz wa Dresden aliianzisha mwaka 1908. Lakini ile ya Chemex ni nene kuliko ya kawaida, nayo huzuia vumbi na sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa. Kinachoteremka ni kinywaji angavu.

Kahawa ya dele inayouzwa mitaani pwani huchemshwa ikakolea, pengine hutiwa tangawizi, na hushushiwa kashata. Ni kinywaji kizuri, ila mnywaji hawezi kujua kwayo jinsi mkulima alivyoitunza kahawa. Katika chombo cha kioo mambo hujulikana. Kahawa iliyochachushwa kupita kiasi hutoa harufu ya kuoza. Iliyoanikwa juu ya udongo huleta ladha ya ardhi au ukungu. Matunda mabichi yaliyochanganywa na mekundu huacha ukakasi ulimini. Gunia lililowekwa karibu na mafuta ya taa hujitangaza lenyewe. Huko Japani, ambako arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, kumimina maji juu ya karatasi ni desturi iliyoenea sana.

Kwa nusu ya lita ya maji hutumika gramu 30 za kahawa, iliyosagwa chengachenga kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Karatasi hukunjwa mfano wa pia, na upande wenye tabaka tatu huelekezwa kwenye mfereji wa kumiminia. Tabaka moja likiwekwa hapo hulowa, hunata, huziba njia ya hewa, na maji husimama. Karatasi isuuzwe kwa maji ya moto, nayo yamwagwe. Kahawa ilowanishwe kwanza kwa maji kidogo, ingojewe nusu dakika ivimbe na kutoa hewa (iliyokaangwa zamani haivimbi), kisha maji yaliyosalia yamiminwe polepole kwa kuzungusha. Kazi yote huchukua dakika 4 au 5. Ikizidi sana, kahawa imesagwa laini mno na itakuwa chungu.

Maelekezo mengi ya ng'ambo huagiza maji yaliyochemka yaachwe kwanza yapoe kidogo. Agizo hilo linawafaa watu wa pwani. Penye kimo cha mita 1,500, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kahawa, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na yafaa yamiminwe mara moja.

Chombo chenyewe ni ghali. Faneli safi juu ya chupa ya kioo, pamoja na kitambaa kizito cha pamba kilichochemshwa pasipo sabuni, vitatosha kwa kuonjea, ingawa mafuta yatapita zaidi. Katibu achukue konzi chache za kila fungu lililokauka, azitwange taratibu kuondoa ganda, apepete, na kukaanga mpaka rangi ya hudhurungi. Zisifikishwe kwenye weusi, kwa maana ladha ya kuungua huficha kasoro kama tangawizi ifanyavyo. Zipumzishwe siku moja kabla ya kusagwa. Kikombe kionjwe kikiwa na moto, kisha kionjwe tena kikipoa, kwani kasoro nyingi hudhihirika wakati huo. Fungu lenye kasoro litafutwe katika daftari, ijulikane lilimenywa siku gani na lilikaa tangini kwa saa ngapi.