Remmy wa soksi na Remmy wa injili ni yule yule

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Juzi nilipanda daladala inayopita Sinza, hapa jijini Dar es Salaam. Tulipokaribia kituo kimoja konda alipiga bodi kwa kiganja akauliza, "Kwa Remmy wapo?" Vijana wawili wa shule waliokuwa wamesimama karibu yangu wakajibu, "Wapo, shusha!" Walipokuwa wanajisogeza mlangoni mmoja akamwuliza mwenzake: "Hivi huyu Remmy alikuwa nani? Mwenye baa?" Mwenzake akasema hajui, labda alikuwa mwenye viwanja. Nilitaka kuwajibu, lakini gari lilikuwa limekwisha ondoka na wao wamebaki chini. Basi jibu langu nimelileta hapa, nikiamini kuwa wapo wengi wanaoshuka kituo kile kila siku bila kumjua mwenye jina.

Remmy alikuwa mwanamuziki. Jina lake kamili lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala, na alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa nchi ambayo wakati ule iliitwa Kongo ya Wabelgiji. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikwisha poteza watoto kabla yake, hata akaenda kwa mganga, naye mganga akamwagiza kwamba mtoto atakayezaliwa asinyolewe nywele. Mtoto akazaliwa ana meno mawili. Watu wa kwao wakaiona hiyo kuwa dalili ya uganga, na jina la "Dokta" likaanzia hapo. Kwa hiyo wale waliokuwa wakiuliza udaktari wa Remmy aliupata chuo gani, jibu ni kwamba alizaliwa nao.

Alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, na shule ikamkatikia njiani. Akashika ngoma, kisha gitaa, akapiga muziki Kongo na Uganda. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, iliyoongozwa na mjomba wake. Baadaye akahamia bendi ya Matimila, ambayo aliiongoza na ambayo wengi tunaikumbuka kwa jina la Super Matimila.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Katika miaka ile mwanamuziki wa dansi hakuwa na studio chumbani kwake. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa ghali mno, na aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani, analipwa mshahara mwisho wa mwezi. Matimila haikuwa bendi ya shirika. Vyombo vyake vilikuwa vya mtu binafsi, na riziki yake ilitegemea mlango wa ukumbi: watu wakija mnakula, wasipokuja mnalala hivyo hivyo.

Tena kulikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania. Bendi zilirekodi nyimbo katika studio za redio hiyo, na mashairi yalipitiwa kwanza kabla ya kupitishwa. Hali hiyo iliendelea hadi zilipoanza redio za watu binafsi mwaka 1994. Kwa hiyo wimbo uliokataliwa redioni ulikuwa kama barua iliyonyimwa stempu.

Sasa tufike kwenye soksi.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikwisha toa taarifa za wagonjwa. Watu waliupa ugonjwa huo majina mengi. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Hapa mjini vijana waliichukua herufi za jina la Kiingereza wakazifanyia mzaha: "Acha Iniue, Dogodogo Siachi." Tulicheka. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kusema, kwa maana jambo lenyewe lilihusu kitanda, na kitanda kwetu hakizungumzwi mbele ya wakwe wala watoto.

Mwaka 1991 tulimzika binamu yangu, fundi wa magari, kijana wa miaka 29. Alikuwa amekonda hata ukimshika mkono unaogopa. Msibani wazee walitangaza kuwa marehemu alisumbuliwa na kifua. Wote tuliokaa kwenye mikeka tuliinamisha vichwa, na wote tulijua. Siku ya pili ya matanga, kijana wa nyumba ya jirani aliwasha redio kaseti barazani kwao. Ilikuwa ni "Mambo kwa Soksi" ya Remmy Ongala. Vijana waliokuwa wakicheza bao wakanyamaza wakawa wanasikiliza. Baba mkubwa akaniita: "Wewe, nenda kamwambie yule mtoto azime uhuni wake. Hapa pana msiba." Nami nilikwenda nikauzima kwa mkono wangu mwenyewe, nikarudi nikakaa. Nilijiona nimetenda la heshima.

Ndugu msikilizaji, wimbo ule ulikuwa unasema nini? Ulikuwa unawaambia watu, kwa Kiswahili cha mtaani, wavae kinga. Basi. "Soksi" ndiyo kondomu, na hakuna mtoto wa mjini aliyehitaji kufafanuliwa. Radio Tanzania haikuupiga. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya maadili, na nisingependa kuwadhihaki waliotoa uamuzi ule. Wapo wazazi waliohofu kwamba kuitaja kondomu hadharani ni kuwafungulia vijana mlango wa zinaa. Viongozi wengi wa dini walihofu vivyo hivyo, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Hata mimi nilikuwa nayo siku ile msibani.

Lakini wimbo haukufa. Ulipigwa katika kumbi kila mwisho wa juma, na kaseti zikanakiliwa kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa mwanamuziki kunakili huko kulikuwa hasara tupu, kwa kuwa mwuza kaseti wa kibandani hakumlipa mtunzi hata senti moja. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja kutungwa mwaka 1999. Kwa ujumbe, hata hivyo, ilikuwa faida. Ujumbe uliofungiwa mlango wa mbele ulipita dirishani.

Nieleze pia kwa nini wimbo wa dansi uliweza kufanya kazi ambayo bango la hospitali halikuweza. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza huja sehemu ya pole pole, ambapo mwimbaji anasimulia kisa na watu wanasikiliza. Halafu magitaa yanachemka, kiitikio kinarudiwa mara nyingi, na watu wanacheza. Neno ulilolisikia ukiwa umetulia unalirudia ukiwa umechangamka, na kesho yake unalipiga mluzi ukienda kazini. Huhitaji kujua kusoma. Tena huambiwi na bwana afya mwenye faili kwapani. Unaambiwa na mtu mwenye jasho kama wewe. Remmy alijiita mwenye sura mbaya, akajiita mtetezi wa wanyonge, na wanyonge wakamwamini kwa sababu hakujiweka juu yao.

Serikali yenyewe na mashirika hatimaye walifika pale alipokuwa amesimama. Mwaka 1993 kondomu za Salama zilianza kuuzwa kwa bei nafuu madukani, na matangazo yake yakawa kitu cha kawaida. Kilichoitwa uhuni kikawa elimu ya afya. Lakini mwaka uliofuata, 1994, tulimzika mjane wa yule binamu yangu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Sisemi kwamba wimbo mmoja ungemwokoa; pengine alikuwa ameambukizwa kabla mumewe hajalala kitandani. Ninachosema ni kwamba katika ukoo mzima hakuna mtu mzima aliyethubutu kulitamka neno, na aliyelitamka alitumiwa mjumbe akazimwe. Mjumbe huyo ni mimi.

Jina la Remmy lilifika mbali. Mwaka 1988 bendi yake ilialikwa kwenye matamasha ya WOMAD huko Uingereza, na kampuni ya Real World ikatoa albamu zake mbili, mwaka 1989 na mwaka 1992. Ile ya kwanza iliitwa kwa Kiingereza nyimbo za mtu maskini. Hata hivyo aliendelea kuishi Sinza, kati ya watu wake, hata kituo cha basi kikapewa jina lake akiwa bado yu hai. Sheria ya kupewa jina hilo haikupitishwa na baraza lolote. Abiria na makonda ndio waliolipitisha.

Katika miaka yake ya mwisho alipata kiharusi, na mwili ule mkubwa ukadhoofika. Akaokoka. Akazinyoa zile nywele ndefu zilizokuwa zikimtambulisha, akaacha muziki wa dansi, akaanza kuimba nyimbo za injili. Alifariki hapa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Kuokoka kwake kuligawa watu. Wapenzi wa dansi walisema tumempoteza Remmy, ametekwa na kanisa. Baadhi ya waumini walisema ashukuriwe Mungu, yule wa zamani amekufa na huyu ndiye Remmy wa kweli. Mimi nadhani pande zote mbili zilikosea hesabu. Sikiliza nyimbo zake za mwanzo. Alipokuwa na Makassy aliimba juu ya siku ya kufa. Katika Matimila akatunga "Kifo", wimbo ambao watu walikuwa wakicheza huku machozi yakiwalenga. Mtu ambaye tangu ujana wake anakiuliza kifo kwa nini kinatwaa, na anaiuliza dunia kwa nini mnyonge hana wa kumsemea, amekuwa akisali siku zote, ila kwa gitaa. Aliyeimba "vaeni soksi" alikuwa anataka watu wasife. Aliyeimba injili alikuwa anawaambia kwamba hata wakifa lipo tumaini. Mlengwa ni yule yule, na mwenye huruma ni yule yule.

Ndipo ninapopata somo langu la leo. Tumezoea kuipima imani ya mtu kwa maneno anayoyaepuka: hatukani, hataji mambo ya aibu, hana lugha chafu. Ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi. Tuipime pia kwa maneno ambayo mtu anakubali kuyabeba kwa ajili ya wenzake, hata kama yatamchafua. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Kuna heshima inayofunika uchi wa jirani, na kuna heshima inayofunika kaburi lake. Siku ile msibani nilishindwa kuzitofautisha.

Leo hali si ile. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zinatolewa bure nchini Tanzania, na mwenye virusi anayezitumia vizuri anaweza kuishi, kufanya kazi na kulea wanawe. Kwa sababu hiyo vijana wengi wanadhani hadithi ya UKIMWI ni ya wazee. Si ya wazee. Maambukizi mapya yapo. Tena yapo mambo mengine ambayo sasa tunayasemea puani kama tulivyosema "kifua": kijana anayetumia unga, baba anayemaliza mshahara kwenye kubeti, mama aliyezidiwa na mawazo hata hatoki kitandani. Misibani bado tunainamisha vichwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wahusika wa manispaa: wekeni kibao pale kituoni, chenye jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na sentensi moja tu ya kueleza kwa nini watu walimpenda. Gharama yake haizidi ya kibao cha kukataza kutupa taka. Na kwa wazazi wenzangu: siku mtoto wa jirani atakapowasha wimbo unaotaja neno ambalo ninyi mmeshindwa kulitaja, msikimbilie kumtuma mtu akauzime. Usikilizeni kwanza hadi mwisho.

Na ninyi vijana wawili wa kwenye daladala, kama mnasikiliza: Remmy hakuwa na baa. Mkifika nyumbani waulizeni wazazi wenu wawaimbie kile kiitikio. Wakiona haya, mjue kwamba wanakikumbuka.