Three Kings: Walikwenda kuiba dhahabu, wakajikuta na wakimbizi

Ni Machi 1991. Kuwait imekombolewa, na wanajeshi wa Marekani wanasherehekea jangwani wakisubiri kurudi nyumbani. Ghafla inapatikana ramani, imefichwa makalioni mwa mateka wa Iraq.

Hapo ndipo kinapoanza kisa cha Three Kings, filamu ya mwaka 1999 iliyoongozwa na David O. Russell. Ramani hiyo inaonyesha mahandaki yenye dhahabu ambayo jeshi la Saddam Hussein liliipora Kuwait.

Meja Archie Gates (George Clooney) na wenzake watatu, walioigizwa na Mark Wahlberg, Ice Cube na Spike Jonze, wanapanga dili: watoke alfajiri, wabebe mzigo, warudi kabla ya chakula cha mchana.

Mbona wizi ni rahisi hivi?

Wakifika kijijini, askari wa Iraq hawawapigi risasi. Wanawaacha wachukue dhahabu. Kumbe wanataka Wamarekani waondoke haraka ili wamalizane na raia walioasi.

Mwanamke mmoja anapigwa risasi ya kichwa mbele ya familia yake. Dhahabu imeshapakiwa na njia iko wazi, lakini Gates anashindwa kuondoka. Anaamua kuwachukua raia hao, na mapatano ya kusitisha vita yanavunjika palepale.

Hadithi ni ya kubuni, uasi ni wa kweli

Februari 15, 1991, Rais George H. W. Bush aliwahimiza Wairaqi wachukue hatua wenyewe na kumlazimisha Saddam aondoke madarakani. Mwezi uliofuata Washia wa kusini na Wakurdi wa kaskazini waliinuka.

Marekani haikuingilia kuwaokoa waasi. Katika mazungumzo ya Safwan, Machi 3, Iraq iliruhusiwa kurusha helikopta zake, na baadaye helikopta hizo zikatumika kuwashambulia waasi. Maelfu kwa maelfu waliuawa.

Dhahabu je? Umoja wa Mataifa uliitaka Iraq irudishe mali iliyoporwa, na dhahabu ya Kuwait ilirudishwa mwaka huohuo.

Hakuna malaika hapa

Filamu haiwasafishi Wamarekani. Askari anayeigizwa na Wahlberg anakamatwa na kuteswa na ofisa wa Iraq, ambaye anamsimulia jinsi mwanawe mdogo alivyouawa na bomu la Marekani. Mateka naye ana mtoto mchanga nyumbani. Kwa muda mfupi, wanaume hao wawili wanazungumza kama baba kwa baba. Kisha ofisa anamnywesha mafuta ghafi.

Bei ya dhamiri

(Tahadhari: sehemu hii inafichua mwisho wa filamu.)

Wakiwa mpakani mwa Iran, Gates na wenzake wanatiwa pingu na jeshi lao wenyewe, huku wakimbizi wakirudishwa mikononi mwa askari wa Saddam. Amebakiwa na kitu kimoja cha kuuza: mahali walipoifukia dhahabu. Anawaambia wakubwa wake, kwa sharti kwamba wakimbizi wavuke.

Wanavuka. Mmoja kati ya wale wanne ameshakufa, na utajiri umeyeyuka.

Hapo ndipo filamu inapouma. Wezi wanne walilipa gharama ya kuwavusha watu wachache. Wairaqi walioitikia wito wa Bush mwaka 1991 hawakuwa na dhahabu ya kumpa mtu yeyote.