Mng'ao Kutoka Ndani: Shanga za Faiensi za Misri ya Kale

Katika Misri ya kale, shanga za buluu na za kijani zilivaliwa na watu wa kila tabaka, na nyingi kati yake zilitengenezwa kwa faiensi, yaani unga wa kwatsi au mchanga uliochanganywa na chokaa kidogo, shaba ya kutia rangi, na magadi au majivu ya mimea. Wamisri wenyewe waliiita tjehenet, maana yake kitu king'aacho.

Heshima iliyopewa faiensi inaeleweka vizuri zaidi mtu akifuata kazi ya fundi. Unga huo ulikandwa kwa maji, ukaviringishwa kuzunguka uzi au unyasi, ukakatwa vipande vidogo na kuachwa ukauke. Kadiri maji yalivyotoka, chumvi za magadi zilipanda hadi juu ya ushanga, na katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi za Selsiasi ziliyeyuka pamoja na kwatsi na shaba zikawa utando wa kioo, huku uzi ukiungua na kuacha tundu. Zilikuwepo mbinu nyingine za kuupata utando huo, lakini hii ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa kitu kilichoingia motoni kimefifia kilitoka kinameremeta kwa nuru iliyochimbuka ndani yake.

Kwa hiyo haitoshi kusema, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba faiensi ilikuwa mbadala rahisi wa feruzi ya Sinai na wa lapisi lazuli, jiwe la buluu lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan. Farao Djoser, aliyetawala karibu mwaka 2650 KK na asiyekosa mali, aliamuru vyumba vya chini ya piramidi yake ya Saqqara vifunikwe kwa vigae vya faiensi, na Tutankhamun naye alizikwa na vidani vya shanga hizo. Kijani kilikuwa rangi ya mafunjo na ya mimea iotayo baada ya mafuriko ya Nile, hivyo kilibeba maana ya afya na uhai unaorejea. Buluu ilikuwa ya mbingu na ya maji ya mwanzo wa uumbaji. Na mng'ao uliziunganisha zote mbili na jua. Mungu wa kike Hathor, aliyeitwa Bibi wa Feruzi, alitolewa sadaka za faiensi katika hekalu lake la Serabit el-Khadim, mahali penyewe palipochimbwa feruzi halisi.

Huko Amarna, mji wa karne ya 14 KK ambako mwanaakiolojia Flinders Petrie alichimbua kalibu nyingi za udongo mwaka 1891 na 1892, mafundi walitoa petali za yungiyungi, tende na zabibu za faiensi, zikatungwa kuwa vidani vipana vya kifuani vilivyoiga mashada ya maua yaliyovaliwa karamuni, ila vidani hivi havikunyauka.

Wafu nao hawakusahauliwa. Gauni la wavu lililopatikana katika kaburi la Giza mwaka 1927, lenye shanga zipatazo 7,000, limeungwa upya katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston baada ya nyuzi zake kuoza. Na takriban miaka 1,800 baada ya gauni hilo kutengenezwa, maiti zilizokaushwa zilianza kutandazwa wavu wa shanga za buluu kutoka mabegani hadi miguuni, na juu ya kifua mbawakawa mwenye mabawa, alama ya jua linalochomoza, ili marehemu avikwe rangi ya mbingu atakamozaliwa upya.