Shehena Juu ya Keria: Elimu ya Kupakia Gari Huko Macalder

Katika barabara za Kenya ziunganishazo Migori mjini, Macalder, na bandari ndogo za Ziwa Viktoria kama Karungu na Muhuru, haipiti saa lisionekane gari moja la Probox lililobeba juu ya keria yake magunia ya omena, yaani dagaa wa ziwani, godoro, baiskeli, na pengine mbuzi aliyefungwa miguu, ilhali ndani abiria wamebanana, na chini ya viti mna vifuko vya mawe ya dhahabu vipelekwavyo kusagwa. Mawe hayo ni masalio ya biashara ya zamani, maana mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulioupatia mji wa Macalder jina na umaarufu wake ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo kazi imebaki mikononi mwa wachimbaji wadogo wenye sururu na tindo, ambao mali yao yote husafiri kwa gari la mtu mwingine. Waundaji wa Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, waliikadiria kilo 400 za mzigo pamoja na watu wawili. Habari hiyo, kwa dhahiri, haijafika Macalder.

Ukiuliza ni kitu gani kiushikacho mzigo ule usimwagike njiani, utajibiwa kwamba ni kamba. Jawabu hilo lina ukweli nusu tu, na nusu iliyosalia ndiyo makusudi ya makala haya.

Mwaka 1687 Isaac Newton aliandika kanuni ambayo kila kondakta wa gari anaijua kwa mwili wake hata kama hakuisoma: kitu kikiwa mwendoni hudumu mwendoni, kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ile ile, mpaka kani nyingine ikizuie. Dereva akiona ng'ombe barabarani hukanyaga breki, nazo breki huyashika magurudumu, magurudumu yakalishika gari. Lakini gunia lililo juu halina habari ya breki, nalo huendelea na safari yake. Mtungi wa maji wa lita 20 uliowekwa ovyo nyuma ya kiti, gari likigonga mti kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, humjia aliye mbele kwa nishati ile ile ambayo ungemwangukia nayo kutoka kimo cha mita 14, yaani kutoka ghorofa ya nne au zaidi. Kwa ajili hiyo wahandisi wa Ulaya wamekubaliana kuwa mzigo wa lori uzuiwe kiasi cha kustahimili, upande wa mbele, kani iliyo sawa na sehemu nane katika kumi za uzito wake, na pande nyingine nusu ya uzito wake.

Sasa tuchukue sanduku la kilo 100 lililo juu ya bati tupu. Msuguano kati ya sanduku na bati, tuseme, ni sehemu 3 katika 10 za uzito. Basi wenyewe peke yake utazuia kilo 30, na breki kali zinataka 80. Zimepungua 50. Kamba ipitayo juu ya sanduku haizitoi hizo 50 kwa kulivuta nyuma, kama watu wadhanivyo, bali hulikandamiza chini ili msuguano uzidi. Na kwa kuwa katika kila kilo 10 za mkandamizo msuguano hutoa 3 tu, yatakiwa mkandamizo wa kilo 167 hivi. Ni nani awezaye kuikaza kamba ya katani kwa mikono hata ifike hapo, na kuifanya ikae hivyo mpaka Karungu? Walakini tandika chini ya sanduku kipande cha mpira, mathalan ubavu wa tairi kuukuu, na msuguano huenda ukafika sehemu 6 katika 10. Hapo sanduku litajizuia kwa kilo 60, zitapungua 20, na mkandamizo utakaohitajika ni kilo 33 tu. Kipande cha mpira cha bure kimeipunguzia kamba kazi mara tano. Nami sijui hila nyingine katika usafirishaji iliyo rahisi kuliko hii na isiyofuatwa kama hii.

Ni vema pia kuangalia kamba imelala vipi. Ikishuka wima kutoka juu ya mzigo hadi chuma cha keria, nguvu yake yote hukandamiza. Ikilala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa paa, nusu yake hupotea. Ndiyo maana mzigo mfupi na mpana, uliofungwa kwa kamba ndefu iliyolala, hucheza kuliko gunia refu lililofungwa kwa kamba fupi.

Mtazame basi kondakta mzoefu afungapo. Hakimbilii fundo. Huizungusha kamba kwanza kwenye bomba la keria, mara moja, mara mbili, akaivuta kwa uzito wa mwili wake, na ndipo amalizie kwa fundo dogo ambalo mtoto angeweza kulifungua. Hesabu ya jambo hilo ilifanywa katika karne ya 18 na Leonhard Euler, bingwa wa Uswisi: kila mzunguko huzidisha, wala hauongezi. Ikiwa msuguano wa kamba na chuma ni zile sehemu 3 katika 10, mzunguko mmoja huwezesha kilo moja ya mkono kuzuia kilo 6 na nusu; miwili, kilo 43; mitatu, kilo 285. Fundo halifanyi ila kulinda ile kilo moja isiponyoke.

Waendesha bodaboda wana chombo kingine, nacho ni blada, yaani ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu. Sifa ya blada ni kwamba mzigo ukizama kidogo kwa mitikisiko, mpira hujivuta na kubaki umekaza, ambapo kamba ya katani ingelegea palepale. Aibu yake ni hiyo hiyo: hunyumbuka, na breki kali zikija huupa mzigo nafasi ya kwenda. Kwa gunia la mkaa yafaa; kwa gunia la mawe, kamba na blada zifuatane.

Mitikisiko nayo ni adui anayedharauliwa. Barabara ya vumbi yenye mikunjo-mikunjo huurusha mzigo kidogo mara nyingi kwa dakika, na kila unaporuka, msuguano hutoweka kwa kitambo, mzigo ukasogea unywele mmoja. Fauka ya hayo, vitu vilivyochanganywa hujipanga upya: vidogo hupenya chini ya vikubwa, na vikubwa huibuka juu, jambo ambalo wanafizikia walilithibitisha kwa hesabu za kompyuta mwaka 1987. Fundi aliyemimina misumari, nyundo na koleo katika karai moja huko Migori, akifika Macalder atakuta nyundo juu na misumari chini kabisa. Nafasi tupu ndiyo iruhusuyo haya. Ijaze kwa nguo au magunia matupu.

Tukija katika kimo, manahodha wa pwani walikwisha kuimaliza elimu hii kabla ya gari kuumbwa. Jahazi lisilo na shehena lilitiwa farumi ya mawe chini, na lenye shehena lilipangwa vizito tumboni na vyepesi juu, kwani chombo ambacho kitovu cha uzito wake kimepanda hupinduliwa na mwelekeo mdogo tu. Gari dogo la kilo 1,000, ambalo kitovu chake ki sentimita 55 juu ya ardhi, likitwikwa kilo 200 paani, kitovu hupanda hadi sentimita 74 hivi, na uwezo wa kukata kona bila kupinduka hupungua kwa robo nzima. Watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanayajua haya kwa msiba: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyozidiwa na watu na mizigo, ilipinduka karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia ya roho.

Mawe ya dhahabu, basi, yakae chini, katikati ya magurudumu. Omena ipande juu, maana gunia lake halina uzito wa kuogofya. Mtungi wa mafuta au maziwa ama ujae ama uwe mtupu, kwa sababu kioevu cha nusu hukimbilia upande ule ule gari linakoinamia. Wazungu walalao ndani ya magari yao, ambao kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza mwaka 1951 kuwatengenezea makabati ya kuingiza katika Volkswagen, wanafuata kanuni hizi hizi, ila wao huongeza kitasa kwa kila mtoto wa meza. Na nionavyo, kitasa ndicho kitu pekee wanachotuzidi.

Imebaki shehena moja ya Macalder ambayo haionekani kabisa. Wachimbaji huitumia zebaki kuinasa dhahabu katika mchanga uliosagwa, na aghalabu huichukua katika chupa ndogo ya soda ndani ya mfuko wa koti au chini ya kiti. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu, hivyo nusu lita yake ina kilo karibu 7, uzito ambao chupa ile haikuundwa kuuhimili inapoanguka. Nayo ikimwagika hujipasua vitone vinavyopenya katika zulia la gari, vikatoa mvuke wa sumu katika joto la kawaida, siku baada ya siku, kwa kila abiria aketiye hapo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka matumizi ya zebaki yapunguzwe na hatimaye yakome inapowezekana. Maadamu bado yapo, chupa hiyo iwe nene na ya kifuniko cha kusokota, itiwe ndani ya ndoo yenye mfuniko wake, na ndoo ibanwe sakafuni nyuma kabisa, mbali na watu, isiguswe na kitu chochote chenye uzito.