KAZI MPYA INA DESTURI ZAKE

Huenda umetoka Butiama au Musoma. Umepata kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda. Hongera! Sasa jifunze desturi za hapo.

Shambani ulifuata jua. Kiwandani utafuata saa. Ukichelewa, mwenzako wa zamu iliyopita atakungoja wewe.

Desturi nyingine hazikuandikwa. Waulize wenyeji. Kuuliza si ujinga. Pamba hushika moto upesi, basi usivute sigara karibu nayo. Mashine haichagui kati ya pamba na mkono. Usiisafishe kabla haijasimama.

Dai masharti yako ya kazi kwa maandishi. Ni haki yako chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Fuata desturi njema. Desturi ya wizi usiifuate, hata kama wenzako wameizoea.