Mwenye Haya na Kambi ya Ng'ambo: Aende au Abaki?

 

Mzazi mmoja alitufikishia swali, nasi tukaona si la kujibiwa mlangoni wakati wa kuchukua watoto. Mwanawe ametimiza miaka 18, yuko mwaka wa kwanza chuoni, na amepata fomu za kwenda Marekani miezi ya kiangazi kufanya kazi ya ulezi katika kambi ya watoto. Kijana mwenyewe anataka kwenda. Shida ni kwamba ni mtu wa haya mno. Wageni wakija nyumbani yeye huwa nyuma ya pazia, na darasani hunyamaza hata jibu likiwa kwenye ulimi. Mzazi anauliza: tumwache aende, au itakuwa ni kumtosa baharini asiyejua kuogelea?

Ndugu msomaji, tuanze kwa kuijua hiyo kambi yenyewe, maana wengi wetu tukisikia "kambi" tunafikiria mahema ya wakimbizi au ya askari. Wamarekani wana desturi ya kuwapeleka watoto msituni au kando ya ziwa shule zikifungwa, mwezi wa Juni mpaka Agosti. Ni desturi ya zamani. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, aliwatoa wanafunzi wake shuleni akaenda kupiga nao kambi, na wengi huhesabu hapo ndipo mambo yalipoanzia. Leo kambi hizi zimejaa katika majimbo kama Maine, New York na Pennsylvania. Watoto hulala katika vijumba vya mbao, na mlezi hulala humo humo pamoja nao. Chama cha kambi cha Marekani kimeweka kipimo cha mlezi mmoja kwa watoto wanane wa umri wa miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa sita wakiwa wadogo zaidi, wa miaka 6 hadi 8.

Hebu lifikirieni hilo vizuri. Mwalimu wa madrasa akimaliza darasa lake hurudi nyumbani akapumzika. Mlezi wa kambi hana pa kurudi. Anaamka na watoto, anakula nao, anawapeleka ziwani, usiku anawasikiliza wakilia kwa kuwakumbuka mama zao. Juu ya hayo, kambi hizi zina kelele. Chakulani watu huimba na kugonga meza, jioni kuna moto na michezo ya kuchekesha, na walezi wanatarajiwa wawe mbele. Wiki ya kwanza, kabla watoto hawajafika, walezi hufundishwa kazi, na hapo kila mmoja husimamishwa ajitambulishe mbele ya watu asiowajua. Kwa mtu wa haya, wiki hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Watoto wakishafika mambo huwa mepesi kidogo, kwa sababu mtoto wa miaka minane hakuulizi umesoma wapi wala hakucheki matamshi yako ya Kiingereza. Anataka umfunge kamba za viatu.

Sasa tuje kwenye haya yenyewe. Sisi Waswahili tuna maneno manne ambayo huyachanganya: haya, soni, aibu na woga. Haya ni tabia njema, nayo ni katika imani. Inamzuia mtu asitende lisilofaa hata akiwa peke yake. Soni ni ule uzito wa ulimi na miguu mbele ya wageni. Aibu ni ile inayompata mtu jambo lake likifichuka. Na woga kila mtu anaujua. Wazazi wengi hutuambia "mwanangu ana haya", kumbe wanasema juu ya soni, na wengine wanasema juu ya woga. Haya hatutaki imtoke kijana, hata kama angekwenda mwisho wa dunia. Soni ni tabia ya mtu tu, si dhambi wala si ugonjwa. Katika miaka ya 1970 Philip Zimbardo, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipowauliza Wamarekani, kiasi cha asilimia 40 walisema wao ni watu wa soni. Kwa hiyo hata huko kambini, katika walezi kumi wanaopiga makofi, huenda wanne mioyo yao inadunda.

Qur'ani ina kisa kinachotufaa sana hapa, nacho kinahusu safari na kazi ya ugenini. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa (A.S.) alipokimbia Misri akafika Madyan, aliwakuta wasichana wawili kando ya kisima wamewazuia wanyama wao wakingoja wachungaji wanaume waondoke. Akawanyweshea. Kisha mmoja wao akamjia, na Qur'ani ikataja mwendo wake: alikuja akitembea kwa haya. Wengi wetu tunaishia hapo tunapowasomea mabinti zetu. Lakini tuendelee kuangalia alifanya nini. Alikwenda kwa mwanamume mgeni, akamfikishia ujumbe wa baba yake wote kwa ufupi: anakuita, akulipe ujira wa kutunyweshea. Hakupunguza neno. Tena waliporudi nyumbani akamshauri baba yake amwajiri mtu yule, na akatoa sababu. Haya ilikuwa katika mwendo wake, na maneno yaliyohitajika yalisemwa. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), ambaye haya yake inajulikana na kila mtoto wa madrasa, ndiye aliyetumwa kwenda kuzungumza na Makureshi mwaka wa 6 Hijria, siku za Hudaybiya. Kazi ile haikuwa ya kunong'ona.

Kutokana na hayo, sisi tunaona kipimo si wingi wa maneno ya kijana. Kipimo ni kama anaweza kusema maneno machache ambayo hakuna mtu atakayemsemea. Tumeyafikiria tukayapata matatu: "Hiki mimi sili." "Sasa ni wakati wangu wa kuswali." Na la tatu, ambalo ni zito kuliko yote: "Jambo hili si sawa, nataka kuzungumza na mkubwa wako." Akiweza kuyasema hayo, hata kwa sauti ndogo, hata uso umemwiva, soni yake haitamdhuru. Asipoweza, basi hata angekuwa bingwa wa mpira na Kiingereza chake kinatiririka, tungemwambia mzazi amngoje mwaka mmoja.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu huko kila siku kuna la kukataa. Usiku wa moto watoto huchoma peremende nyeupe laini na kumpa mlezi wao wampendaye. Nyingi katika hizo hutengenezwa kwa gelatini ya nguruwe. Watu husalimiana kwa kukumbatiana, mwanamume na mwanamke. Mavazi ya kuogelea ni ya kwao. Na kuna Swala. Sisi wa pwani tumezoea Magharibi iingie karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Maine mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa mbili usiku, Isha huingia kama saa nne au baadaye, na Alfajiri huingia kabla ya saa kumi. Mlezi aliyechoka, anayelala na watoto wanane, itambidi amweleze mkuu wake mapema kwamba ataamka gizani, na mwenzake amwangalilie watoto kwa dakika kumi. Kwa uzoefu wa walio wengi, Wamarekani hawakatai jambo likielezwa siku ya kwanza. Ila mtu wa soni huliahirisha: leo sitasema, kesho nitasema. Wiki ikapita, Swala zinakusanywa bila udhuru, na chakula kinaliwa kwa kukisia. Huko ndiko kupotea kunakoanza, wala hakuanzi kwa jambo kubwa.

Lakini kijana mtulivu ana faida ambayo wenye vishindo hawana. Usiku wa kwanza na wa pili, watoto wengi wa kambi hushikwa na huzuni ya nyumbani. Anayelia kwa sauti ataonekana na kila mtu. Aliyejifunika blanketi akanyamaza ataonekana na mlezi ambaye mwenyewe anajua kunyamaza. Wakuu wa kambi wenye busara hawataki walezi wote wawe wachekeshaji. Kwa hiyo kijana akijaza fomu asijifanye mtu mwingine. Aandike anachokijua: kuogelea, kushona, mpira, useremala, hati ya Kiarabu. Mwenye somo la kufundisha huwa na jambo mikononi, na mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea wenyewe.

Jamaa wengine hushauri: "Basi aombe kazi ya jikoni, huko hataonana na watu." Sheria ya viza haiendi hivyo. Viza ya mlezi wa kambi, iliyo katika mpango wa kubadilishana watu uliowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1961, hairuhusu mtu awe mpishi, muosha vyombo wala mfagiaji. Kazi hizo huingia kwa mpango mwingine wa wanafunzi wa vyuo. Na mtu wa soni aliyefichwa jikoni miezi mitatu hurudi na soni yake ile ile, na mikono imechubuka.

Kuhusu mabinti tuseme wazi: suala la safari bila mahram linatangulia suala la soni. Familia imwulize shekhe inayemtegemea kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, na jibu lake lifuatwe.

Pia kuna wale ambao tungewaambia moja kwa moja wasiende. Kijana anayepelekwa ili "achangamke", na yeye mwenyewe hataki, asiende. Kambi si hospitali, na watoto wa watu si dawa. Vile vile yule ambaye hali yake imepita soni, hawezi kula mbele ya watu, hutetemeka, hukosa usingizi kwa siku nyingi kabla ya jambo dogo. Huyo aonwe na daktari kwanza, na hakuna aibu katika hilo. Nabii Musa (A.S.) mwenyewe, alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi na ampe nduguye Harun awe msaidizi. Kuomba mwenzako wa safari si unyonge. Ikiwa kuna kijana mwingine anayekwenda kambi hiyo hiyo, ni kheri waombe pamoja.

Wazazi watauliza, tutajuaje kama ataweza? Jaribuni hapa hapa. Mtoto apewe darasa la wadogo madrasani kwa mwezi mzima, si kwa siku moja. Atumwe ofisini kufuatilia karatasi yake mwenyewe, na baba asimtangulie kuzungumza. Alale wiki mbili kwa jamaa wa mji mwingine, na simu ya nyumbani apige mara moja kwa siku mbili. Zaidi ya yote akatae kitu mbele ya watu: sahani arusini, mwaliko wa rafiki. Mama asimpe udhuru, aseme mwenyewe. Mkiona anarudi amechoka lakini amesema, hiyo ni dalili njema. Uchovu ni wa kawaida kwa watu wa namna hii. Hata kambini atahitaji saa yake ya faragha, na Swala inampa faragha hiyo mara tano.

Karatasi tutazipitia haraka. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 18, na muda wa kazi hauzidi miezi minne. Lazima apite kwa shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ndilo linalotoa fomu DS-2019, na bila fomu hiyo hakuna viza. Wakala yeyote anayechukua pesa na hawezi kukuonyesha jina la shirika hilo, muageni. Kanuni zinataka mlezi wa kigeni alipwe sawa na mwenzake wa Kimarekani, na awe na bima ya afya. Ada ya maombi ya viza iliwekwa dola 185 mwaka 2023, na ya usajili kwa walezi wa kambi ni dola 35. Wenye ndugu nchi jirani wawe waangalifu: tangu Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za namna hii kwa raia wa Burundi, na tangazo la Desemba 2025 likaitia Tanzania pia kuanzia Januari 2026. Amri hizi hubadilika, kwa hiyo kila mmoja aulize kabla ya kulipa.

Halafu kuna mahojiano ya ubalozini Nairobi. Ni dakika chache tu, mbele ya kioo, kwa Kiingereza, na kijana husimama peke yake. Ataulizwa kwa nini anataka kwenda na atarudi kufanya nini. Mzazi anangoja nje. Kambi huanza kutafuta walezi miezi mingi kabla ya Juni, kwa hiyo mwenye nia ya kiangazi kijacho aanze majaribio ya nyumbani likizo hii ya Desemba. Darasa la watoto wa Juzuu Amma linahitaji msaidizi siku za Jumamosi na Jumapili asubuhi. Anayetaka aje mwenyewe kuuliza, asimtume mama yake.